Zoezi la kuaga mwili

Swali: Nimesoma katika makala ya afya: "Zoezi kali huongeza ugandaji wa damu na huathiri homoni za mishipa ya damu." Iwe zoezi au mazoezi? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Mazoezi, ndugu yangu. Anayekimbia au kunyanyua vyuma anafanya mazoezi. Zoezi ni lile moja ulilopewa na mwalimu wa hesabu. Neno limezaliwa na zoea: unamzoeza mtu, unampa zoezi. Na mwili wenyewe unaniunga mkono. Asiyezoea akikurupuka Jumamosi moja akapanda kilima mbio, homoni ya adrenalini inapanda, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinaongezeka na kushikamana upesi, damu inakuwa rahisi kuganda. Papo hapo kuta za mishipa zinamwaga kimeng'enya cha kusaidia kuyeyusha mabonge ya damu, pamoja na nitriki oksidi ya kuilegeza mishipa. Hiyo ya mwisho wala si homoni, maana hufanya kazi palepale inapotengenezwa, ila leo tumsamehe mwandishi. Aliyezoea, chembe zake hazitaharuki kiasi hicho.

Sasa kwa kulitaja zoezi, umenichokoza. Redioni kuna zoezi la uandikishaji wa wapigakura, zoezi la usafi, zoezi la kubomoa vibanda. Uchaguzi mkuu ni kila baada ya miaka 5, nani anauzoea? Nikavumilia. Juzi nikawa msibani, mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Tunaomba utulivu, zoezi la kuaga mwili linaanza."

Nikamtazama marehemu. Mzee wa watu katulia, hana habari na kocha yeyote. Nani pale alikuwa anajizoeza? Yeye kufa, au sisi kuaga? Tukapanga mstari, tukazunguka jeneza, wengine raundi mbili, nikaanza kuhofia chembe sahani zangu. Nusu saa baadaye: "Zoezi la kuaga limekamilika, tunaelekea kwenye zoezi la mazishi." Nikasubiri apulize filimbi.

Angesema "tunaanza kuaga", nani asingeelewa? Kiingereza kinalitwisha neno moja, "exercise", mazoezi ya viungo na shughuli za serikali, basi nasi tumebeba mzigo usio wetu, ilhali tuna shughuli, tuna kazi, na mara nyingi kitenzi peke yake kinatosha: kura zinahesabiwa, watoto wanachanjwa.

Najua nimeshashindwa. Hata mjumbe wa nyumba kumi sasa ana zoezi. Waendelee tu, siku yangu ikifika, mimi niageni.