Kuchagua trei na kebo za faiba: ushauri kwa fundi anayeanza kazi

Fundi mgeni anapokabidhiwa kazi ya kupitisha kebo za faiba ndani ya jengo, mara nyingi hukimbilia katalogi ya trei, yaani vibebeo vinavyoshikilia kebo njiani, na kuchagua ile yenye upana anaodhani utatosha. Nakushauri uanze kwa kuitembea njia yenyewe. Itembee yote, kutoka mahali kebo inapoingilia jengoni hadi kwenye raki ya mwisho, ukiwa na tepu ya kupimia na daftari, na uandike kila kona, kila ukuta utakaotobolewa, kila sehemu yenye joto, unyevu au kemikali, na kila mahali ambapo nyaya za umeme zinakatiza. Karibu kila uamuzi utakaofuata utatoka katika kurasa hizo, na pale unapokosea kipimo kimoja cha kona, hakuna kebo ghali itakayokuokoa.

Ukishaijua njia, chagua faiba kabla ya trei, kwa sababu trei ndiyo inayomtumikia mwenzake. Swali la kwanza ni umbali na kasi ya mitambo itakayounganishwa. Faiba ya modi moja, ambamo mwanga husafiri kwa njia moja tu, ina kiini cha takribani maikromita 9, na ile ya modi nyingi inayotumika siku hizi, ambamo mwanga hupita kwa njia nyingi, ina kiini cha maikromita 50. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua mwanga utafika wapi. Kwa kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde, faiba ya OM3 hufikisha mawimbi mita 300 na OM4 mita 400 (hayo ni madaraja ya modi nyingi), ilhali modi moja hufika kilomita 10 kwa mitambo ya kawaida. Ukipanda hadi gigabiti 40 kwa mitambo ya masafa mafupi, OM3 hushuka hadi mita 100 na OM4 hadi 150. Maana yake ni kwamba kebo ya modi nyingi inayotosha leo inaweza kupungukiwa siku mitambo itakapobadilishwa, hata kama hakuna aliyeigusa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: njia kuu zinazounganisha majengo au ghorofa ziwe za modi moja, na modi nyingi ibaki ndani ya chumba cha mitambo, ambako umbali ni mfupi na unajulikana. Vifaa vya kutuma mwanga vya modi moja vinaweza kugharimu zaidi, lakini vifaa hubadilishwa kwa dakika chache, na kebo iliyopita juu ya dari na ndani ya kuta haibadilishwi kirahisi. Ukikuta jengo la zamani lenye ganda la rangi ya chungwa, soma maandishi yaliyochapwa juu ya ganda kabla ya kuunga chochote, kwa kuwa huenda kiini chake ni maikromita 62.5, na mwanga unaotoka humo kuingia katika kiini cha 50 hupotea kwa wingi pale pale kwenye kiungo.

Baada ya hapo piga hesabu ya upotevu wa mwanga kwenye karatasi. Tuseme una kilomita 2 za modi moja, zenye viungo vinne vya kuyeyushwa na jozi mbili za konekta. Ukikadiria desibeli 0.4 kwa kila kilomita, 0.1 kwa kila kiungo kilichofanywa vizuri, na 0.75 kwa kila jozi ya konekta, jumla ni desibeli 2.7. Mtambo wa kawaida wa gigabiti 10 wa kilomita 10 huvumilia upotevu wa takribani desibeli 6, hivyo una nafasi. Angalia pia kwamba konekta zimekula zaidi ya nusu ya upotevu wote, na si kioo chenyewe. Kila mara unaposhawishika kuongeza kituo cha kati cha kuunganishia, kumbuka hesabu hiyo. Na konekta ya kijani, ambayo ncha yake imekatwa kwa mshazari wa digrii 8, haiunganishwi kamwe na ya buluu, ambayo haina mshazari huo.

Sasa ganda la kebo. Kebo ya nje huwa na mirija iliyolegea yenye kinga dhidi ya maji, na ganda jeusi la polithini linalostahimili jua. Polithini hiyo huwaka vizuri mno, na ndiyo sababu kanuni za Marekani huruhusu kebo ya namna hiyo kuingia jengoni kwa takribani mita 15 tu kabla ya kuunganishwa na kebo ya ndani au kuingizwa kwenye bomba linalofaa. Ndani ya majengo yenye watu, tafuta ganda lenye moshi mchache lisilo na halojeni, au daraja lolote ambalo kanuni za moto za mahali unapofanyia kazi zinalidai. Kebo yenye deraya ya chuma ni kinga nzuri dhidi ya panya na kukandamizwa, lakini ukiichagua umeingiza kitu kinachopitisha umeme mahali ambapo kioo kisingepitisha, na deraya hiyo lazima iungwe na waya wa ardhi inapoingia jengoni.

Jambo ambalo wageni wengi hulipuuza, na ambalo ndilo linaloziunganisha faiba na trei, ni mkunjo. Ikiwa mtengenezaji hakutaja vinginevyo, nusukipenyo cha mkunjo kisipungue mara 20 ya kipenyo cha kebo wakati inavutwa, na mara 10 ikishatulia. Kebo ya milimita 12 inadai milimita 240 wakati wa kuvutwa na 120 ikiwa imelala. Chukua namba hizo urudi nazo kwenye daftari lako la kona: kona ya trei yenye pembe kali haifai, hata kama upana wake unatosha, na utahitaji kipande cha kona chenye mzingo mpana, pamoja na kilalio cha mviringo kila mahali kebo inaposhuka kutoka kwenye trei kwenda kwenye raki. Utasikia watu wakisema kwamba faiba za kisasa hazijali mkunjo. Ni kweli kwamba faiba ya daraja la G.657.A1 huvumilia nusukipenyo cha milimita 10, na A2 milimita 7.5, lakini hiyo ni sifa ya uzi wa kioo peke yake. Kebo nzima, pamoja na ganda na nyuzi zake za kuhimili mvuto, bado ina kikomo chake.

Kuhusu umbo la trei, ile ya ngazi ni bora kwa nyaya nzito za umeme na masafa marefu kati ya vishikizo, ila kebo nyembamba hulegea katikati ya vidato vyake. Trei yenye matundu huibeba faiba vizuri zaidi kwa kuwa inaishikilia urefu wote. Trei ya wavu ni rahisi kukatwa na kukunjwa kazini, lakini faiba ikiwekwa chini ya mzigo wa nyaya za shaba, waya za wavu huibana kila zinapokutana nayo. Weka tandiko chini yake, au uitengee njia yake. Kamba fupi za kuunganishia zinastahili mfereji wa plastiki uliofungwa.

Malighafi ya trei huchaguliwa kwa mazingira. Chuma kilichopakwa zinki kabla ya kuundwa kinatosha ndani ya jengo kavu; nje kunahitajika chuma kilichochovywa kwenye zinki ya moto baada ya kuundwa, na kila ncha unayoikata ipakwe rangi yenye zinki nyingi. Karibu na bahari tumia chuma kisichopata kutu cha daraja la 316, na penye kemikali kali fikiria trei ya nyuzi za kioo na resini. Alumini ni nyepesi, lakini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, hivyo safari ndefu hudai nafasi za kutanukia. Uzito unaoruhusiwa usome katika majedwali yaliyopimwa kwa viwango vya trei vya IEC 61537 au NEMA VE 1, kwa umbali halisi wa vishikizo vyako, na viungo vya trei viwe mbali na katikati ya vishikizo viwili.

Upana nao una hesabu yake. Trei ya milimita 300 kwa 50 ina eneo la milimita mraba 15,000, na kebo ya milimita 12 huchukua takribani 113. Ukipanga kujaza robo tu mwanzoni, zinaingia kebo 33. Kikomo ni nusu, yaani 66. Usishangae ukiona trei iliyojaa nusu kwa hesabu inaonekana imejaa kabisa, kwa sababu kebo za mviringo huacha nafasi tupu kati yao. Robo iliyobaki si ubadhirifu, kwani trei hudumu kuliko kebo za kwanza.

Faiba hainasi usumbufu wa umeme, na wengine huona hilo ni ruhusa ya kuilaza pamoja na nyaya za nguvu. Itenganishe kwa kigawanyo hata hivyo, maana fundi wa umeme atakayekuja kuvuta waya mzito hatajali kilicho chini yake. Trei ya chuma iwe na mwendelezo wa umeme toka mwanzo hadi mwisho na iungwe na waya wa ardhi. Penye viungo vilivyopakwa rangi, weka kiunganishi cha shaba. Funga kebo kwa mikanda laini ya kunata, wala usiikaze kwa mikanda ya plastiki.

Unapoagiza, chukua nyuzi nyingi kuliko zinazohitajika leo, kwa mafungu ya 12, na ongeza urefu wa akiba kwa ajili ya mizunguko kwenye raki. Kebo ikifika, ipime kwa OTDR, kifaa kinachotuma mwanga ndani ya uzi na kuonyesha upotevu uko umbali gani, ingali kwenye gurudumu lake, kila uzi, na uhifadhi matokeo. Ukishaivuta, ipime tena kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1310 na 1550: upotevu unaoonekana kwenye 1550 na kutoonekana kwenye 1310 ni dalili ya mkunjo, na umbali utakaosomwa utakupeleka kwenye kona inayotakiwa kurekebishwa kabla dari halijafungwa.