Maswali na Majibu: Dola na Mipaka Yake

Mwalimu, eneo likiwa na watu, bendera na serikali yake, je, limeshakuwa dola?

Bado. Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933 unataja mambo manne: wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Hilo la nne ndilo gumu, kwa kuwa linategemea wengine wakubali kuhusiana nawe. Somaliland ilijitangazia uhuru mwaka 1991, ikawa na sarafu, bunge na jeshi lake, lakini ilikaa zaidi ya miaka 30 bila kutambuliwa na mwanachama hata mmoja wa Umoja wa Mataifa.

Ni kweli Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Mlima Kilimanjaro, ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda?

Hadithi hiyo inapendwa sana, ila tarehe zinaikataa. Uingereza na Ujerumani ziliafikiana mpaka huo Novemba 1886, na Wilhelm, mjukuu anayetajwa, alishika ufalme wa Ujerumani mwaka 1888. Mstari ulianzia pwani kwenye mdomo wa Mto Umba, ukapita Ziwa Jipe, ukaiacha Taveta kwa Waingereza na nchi ya Wachaga kwa Wajerumani, ukauzunguka mlima kwa kaskazini, kisha ukanyooka moja kwa moja hadi Ziwa Victoria penye latitudo ya digrii 1 kusini. Kilichoupinda ni masilahi: kila upande ulidai kuwa na mikataba na watawala wa Kilimanjaro, na Waingereza hawakuwa tayari kuiachia Mombasa. Kwangu mimi, sehemu iliyonyooka inauma kuliko iliyopinda, kwa sababu iliyakata malisho ya Wamaasai vipande viwili bila hata mmoja wao kuulizwa.

Basi kwa nini hatukuifuta mipaka hiyo baada ya uhuru?

Jambo hilo liliamuliwa Cairo, Julai 1964, ambapo Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kwa hoja iliyotolewa na Mwalimu Nyerere, uliahidi kuheshimu mipaka iliyokutwa wakati wa uhuru. Somalia na Morocco zilikataa. Naona uamuzi ule ulikuwa wa busara, maana mpaka mmoja ukifunguliwa, kila jirani angedai wake.

Mimi ni mkazi wa Kyela. Mto Songwe unaotutenganisha na Malawi ukihama, mpaka nao unahama? Na Ziwa Nyasa ni la nani?

Kwa desturi ya sheria ya kimataifa, mto ukila kingo zake kidogo kidogo, mpaka huufuata; ukiruka ghafla kwa mafuriko, mpaka hubaki kwenye mkondo wa zamani. Kwa hiyo mkulima wa bondeni anaweza kulala shamba lake likiwa upande wa Tanzania, akaamka likiwa ng'ambo ya maji, na bado likawa ndani ya Tanzania kisheria. Serikali za Tanzania na Malawi zimeandaa mpango wa pamoja wa kuudhibiti mto huo.

Ziwa ni suala zito zaidi. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliupitisha mpaka ufukweni upande wa mashariki, na Malawi inashikilia maandishi hayo. Tanzania inataka mpaka upite katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya maziwa mengi, na kama unavyopita kwa sehemu kubwa kati ya Malawi na Msumbiji katika ziwa hilohilo. Mgogoro ulijitokeza hadharani mwaka 1967, ukapamba moto tena mwaka 2012 Malawi iliporuhusu utafiti wa mafuta, na marais wastaafu akiwamo Joaquim Chissano wa Msumbiji wakaombwa kusuluhisha. Mkataba wa 1890 ukisomwa neno kwa neno, mvuvi wa Liuli, mwambao wa Tanzania, anavuka mpaka wa kimataifa mara tu mtumbwi wake unapoelea, na mama anayechota maji hapo anayachota nchi ya kigeni. Ndiyo maana naamini mazungumzo yoyote yanapaswa kuanza na haki ya watu wa mwambao kuvua na kuchota maji, hata kabla wasuluhishi hawajaupata mstari wenyewe.