Kitanzi cha homoni: damu ikikata, imekwenda wapi?

Tangu niwekewe kitanzi chenye homoni, yaani kile kifaa kidogo cha kuzuia mimba kinachokaa ndani ya mji wa mimba, swali ninaloulizwa sana hapa Kirumba ni hili: "Sasa hiyo damu isiyotoka inakaa wapi?" Wifi yangu, anayeuza dagaa Mwaloni, aliamini kabisa kwamba inajikusanya tumboni na mwishowe itageuka uvimbe. Hofu hiyo huwafanya wanawake wakimbilie kukitoa kabla mwili haujakizoea, na inaniuma, maana jibu lipo.

Kila mwezi ukuta wa ndani wa mji wa mimba hunenepa kujiandaa kupokea mimba. Mimba isipotunga, ukuta huo humomonyoka na kutoka pamoja na damu. Ndiyo hedhi yenyewe. Kitanzi hiki hubeba homoni ya levonojestreli, miligramu 52 katika aina inayojulikana zaidi, na huiachia kidogo kidogo mlemle ndani. Homoni huuzuia ukuta usinenepe. Miezi inavyopita unabaki mwembamba, basi hata cha kumomonyoka kinakuwa hakuna. Wifi, hakuna damu iliyojificha popote!

Miezi ya mwanzo inachosha, siwafichi. Nilitokwa na matone ya kahawia, leo yapo, kesho hayapo, keshokutwa nimeshavaa sketi nyeupe ndiyo yanarudi. Nilitembea na pedi kwenye mkoba kila niendako. Kwa kawaida hali hiyo hutulia ndani ya miezi 3 hadi 6. Ukifika mwaka, takribani mwanamke 1 kati ya 5 haoni siku zake kabisa, na wengine wengi huona kidogo tu. Madaktari hukitumia pia kutibu hedhi nzito inayomaliza damu mwilini. Kitanzi cha shaba ni kingine. Hicho huweza kuongeza damu na maumivu.

Na kizazi hakikauki. Kitanzi kikishatolewa, ukuta hunenepa tena, hedhi hurudi, na mimba inaweza kuingia mapema sana, kwa hiyo kama hujawa tayari kuzaa, panga njia nyingine kabla ya kukitoa.

Dada zangu, kabla hujaondoka kliniki hakikisha umeandikiwa kwenye kadi aina ya kitanzi na mwaka wa kukitoa, kwani muda hutofautiana, miaka 3 hadi 8. Ukipata maumivu makali chini ya kitovu, homa, uchafu wenye harufu mbaya, au usipozigusa tena nyuzi zake zinazoning'inia ukeni, nenda ukapimwe. Ukihisi una mimba, nenda siku hiyohiyo. Ni nadra, lakini ikitunga kitanzi kikiwa ndani, inaweza kuwa nje ya mji wa mimba.