Re: Msaada MAGAZIJUTO na mabano, kidato cha pili, niko Masasi

Dogo usithubutu kuandika hayo majibu kwenye mtihani. Unasema 7 − 2(x − 3) umeambiwa uanze na 7 toa 2 upate 5, kisha uandike 5(x − 3), na 20 − 8 + 5 umeambiwa ni 7 kwa sababu kwenye MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) ile JU imetangulia TO. Nimesoma damu ikanichemka, maana hayo hayo ndo tuliyolishwa sisi tuisheni hapa Mtwara, kwa hela, na mtu anayafundisha kwa sauti kubwa kabisa ubaoni.

Shika kitu kimoja tu: alama ya kutoa ni ya kile kinachoifuata. Ikifuatwa na namba, ni ya hiyo namba peke yake. Ikifuatwa na mabano, ni ya kila kilichomo ndani.

Kwenye 20 − 8 + 5 kutoa ni kwa 8 tu, 5 haihusiki, jibu 17. Ukijumlisha 8 na 5 kwanza umeshaweka mabano ambayo hakuna aliyeyaandika, umefanya 20 − (8 + 5). Jumlisha na toa ziko daraja moja, unatoka kushoto kwenda kulia, na gawanya na zidisha hivyo hivyo. Marekani watoto wanakariri PEMDAS, kuzidisha kunatajwa kabla ya kugawanya, sisi kwa Kiingereza BODMAS, kugawanya kabla ya kuzidisha, na majibu ni yale yale, sasa hizo herufi zingekuwa amri si tungekuwa tunagombana na Marekani kila siku?

Ngoja nikwambie ilivyotuuma. Msimu mmoja wa korosho mimi ndo nilikuwa napiga hesabu za mzee. Kilo 800, bei 3,000, makato mawili kwa kila kilo, 150 na 50. Nikaandika kwenye simu 800 × (3,000 − 150 + 50), nikapata 2,320,000, na kwa jinsi nilivyofundishwa niliona iko sawa kabisa, si JU kwanza, 150 na 50 zinakuwa 200 zinatoka, ila simu yenyewe haijui JU wala TO, yenyewe imetoa 150 ikarudisha 50. Ilitakiwa 800 × (3,000 − (150 + 50)), yaani 2,240,000. Mzee akachukua salfa, dawa ya mikorosho, kwa mkopo na kuahidi watu kwa ile hesabu ya kwanza. Hela ilipoingia 80,000 haipo, ikabidi mama auze mbuzi, na mzee akaenda kugombana na karani wa chama cha ushirika ambaye hana kosa lolote. Yule mwalimu wa tuisheni sijui kama hata anajua alichotufanyia, na nasikia bado anafundisha.

Sasa hiyo yako. 7 − 2(x − 3): nje ya mabano kuna hasi 2, inazidisha x unapata −2x, inazidisha −3 unapata +6, maana hasi kwa hasi ni chanya. Jumla 7 − 2x + 6, yaani 13 − 2x. Wengi wanaponzwa na hapo kwenye 6, wanaandika −6, wanabaki na 1 − 2x, hasi imefika kwa x ikaishia njiani.

Huna mtu wa kukusahihishia? Weka x = 5. Swali lenyewe linakupa 7 − 2(2), ambayo ni 3. 13 − 2x inakupa 3. Ile 5(x − 3) inakupa 10, na 1 − 2x inakupa −9. Fanya hivi kila ukifungua mabano, hata kama mwalimu kakuwekea tiki.

Na vipeo MAGAZIJUTO haivitaji kabisa: −3² ni −9, ila (−3)² ni 9. Ukiandika =-3^2 kwenye Excel itakuletea 9, hiyo ni taratibu yake yenyewe, usiipeleke darasani.

Fungua hii uweke hapa na hatua zote, nitaiangalia jioni: 3x − 4(x − 2) + 5. Ukipata −x − 3 rudia kufungua mabano kabla hujatuma.