Binti wa bibi alifunga makabati kwa tepu. Ananiona mwizi?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, niko Baltimore, Marekani, namlea bibi wa Kiyahudi na nalala hukohuko kwake. Mwaka jana Pasaka yao ilipokaribia, binti yake alitupa unga wangu wa ngano, sembe yangu na hata mchele bila kuniuliza. Kisha akafunga makabati mawili kwa tepu, akaniambia nisiyaguse. Iliniuma, maana sijawahi kuchukua hata kijiko cha mtu. Mwaka huu binti ni mjamzito, anataka niandae jiko lote mimi. Nikikubali naogopa kuharibu ibada ya watu, nikikataa naogopa kupoteza kazi. Bibi mwenyewe ni mwema sana. Nifanye nini? – Mlezi, Baltimore*

Marahaba mwanangu.

Nianze na makabati, kwa sababu naona hayo ndiyo yanayokukosesha usingizi. Vitu vilivyokuwa mle ndani vilikuwa vimeuzwa. Usicheke. Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, kinawakataza Wayahudi kula kilichochachuka siku za Pasaka, na zaidi ya hapo kisionekane nyumbani mwao. Sasa mtu ana chupa ya wiski ya bei kali, nayo imetokana na shayiri, aimwage? Humpa rabi, yaani kiongozi wao wa dini, idhini, naye akaviuza vitu hivyo kwa mtu asiye Myahudi, na sikukuu ikipita vinanunuliwa tena. Katikati hapo vilivyomo kabatini ni mali ya mtu mwingine kabisa, na binti mwenyewe haruhusiwi kuvigusa. Tepu ile hubandikwa hasa ili watu wa nyumbani wasijisahau, wakapitisha mkono kwa mazoea. Wewe hukushukiwa.

Unga wako ni habari nyingine, na hapo ulikosewa. Wanachokikimbia hukiita hametsi: ngano, shayiri, rai, oti na spelti, zikishaguswa na maji zikakaa dakika 18 au zaidi bila kuokwa. Kwa hiyo chapati, tambi, biskuti na bia vyote vinaondoka. Sembe na mchele si hametsi, lakini Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya mashariki na kati, Waashkenazi, wana desturi ya zamani ya kuviacha pamoja na maharage. Wasefaradi, wale wenye asili ya Hispania na Ureno, wengi wanakula wali Pasaka nzima bila wasiwasi. Binti alikuwa na sababu ya kutaka vitoke. Sababu ya kutokusemesha hakuwa nayo. Mwambie hivyo kwa upole, na udai fidia ya vyakula vyako. Si pesa nyingi, lakini zikilipwa mtaheshimiana. Mwaka huu vipeleke kwa rafiki mapema kabla binti hajaja.

Tuje kwenye woga wako. Wewe umekulia Tanga, unajua mbwa akilamba sufuria kwetu inaoshwa mara saba, moja kwa udongo, hata kama sabuni imeshaing'arisha. Basi huhitaji kuelezwa na mtu kwamba chombo kinaweza kuwa safi kwa macho na bado kisifae. Ndiyo maana nakushauri ukubali kazi nusu. Kusafisha chukua wewe. Kukifanya chombo kiwe kosha, yaani halali kwa sheria yao, kwa Pasaka, na kuamua kipi kinafaa na kipi hakifai, waachie wenyewe. Hata jirani akikwambia "kwetu tunafanya hivi", usimfuate. Nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kuwa na marabi wawili wenye hukumu tofauti.

Usafi wenyewe ni wa makombo, si wa madirisha. Wanawake wengi huko hujichosha kwa kusugua kuta, na marabi wao wenyewe huwakumbusha kwamba vumbi si hametsi. Anza na vyumba, jikoni iwe ya mwisho. Friji ivuliwe rafu zote, na mipira ya mlango wake ifutwe kwenye mikunjo. Tosta hata usihangaike nayo, inaingia kwenye kabati la kufungwa kwa tepu. Oveni isuguliwe hadi mafuta yaishe, kisha binti mwenyewe ndiye aiwashe kwa moto wa juu kabisa. Penye ufa ambapo kitambaa hakifiki, mwaga dawa kali ya kusafishia: kombo lililoharibika kiasi kwamba hata mbwa halili halihesabiwi tena.

Sufuria za chuma ambazo wenyewe watazichovya kwenye maji yanayochemka ili zifae kwa Pasaka zioshwe vizuri, halafu zikae saa 24 bila kutumika. Hili likumbuke, kwani ukichemshia chai katikati ya muda huo hesabu inaanza upya. Vyungu na vyombo vya udongo havitakaswi kwa maji ya moto, vinafungiwa tu. Mara nyingi familia huwa na seti nyingine kabisa ya Pasaka kwenye boksi darini. Uliza kabla hujapoteza siku nzima kusugua vyombo ambavyo havitatumika.

Na bibi je? Ikiwa asubuhi humpa uji wa oti, muulize binti sasa hivi atakula nini siku zote nane. Matsa, ule mkate wao mkavu, huweza kuwafungia wazee choo vibaya. Weka tayari plamu kavu za kuchemsha, matunda na maji ya kutosha. Dawa zake usiondoe hata kidonge kimoja, hata mtu akikuambia kina wanga wa ngano. Hilo ni la binti, daktari na rabi wao, na hadi wakujibu, bibi anameza dawa kama kawaida.

Kabla hujashika kitambaa, kaeni mzungumze malipo. Hii ni kazi juu ya kazi yako ya ulezi, na bibi hatakoma kuhitaji kuogeshwa kwa sababu wewe uko ndani ya oveni. Mkubaliane saa, na ni nani atakaa naye wakati huo. Usisahau zile jioni mbili za Sederi, yaani karamu ya ibada ya kuanza Pasaka: chakula huanza giza likishaingia na huweza kupita saa sita usiku, bibi yuko mezani, na atakayempeleka kitandani ni wewe. Saa hizo nazo ziandikwe.

Muulize pia utakula nini wewe. Kama nyumba haili mchele, viazi, mayai, samaki na mboga vitakushibisha, ila vinunuliwe na wao, kwenye duka wanaloliamini.