Ukitaka ukurugenzi wa michezo chuoni Marekani, anzia ofisi isiyopendwa

Vijana wanaonitafuta kwa ushauri karibu wote wamepita njia moja. Walikuja Marekani kwa ufadhili wa kukimbia, wakavaa jezi ya chuo miaka yao yote ya masomo, goti likagoma, na sasa wanataka kazi ya ofisini isiyowatoa kabisa michezoni. Ukiwauliza wanataka kufika wapi: mkurugenzi wa michezo. Wataanzia wapi: kocha msaidizi.

Sina ugomvi na ukocha. Ila tuelewane mapema kuhusu kazi yenyewe. Mkurugenzi wa michezo katika chuo cha Daraja la Kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hashiki saa ya kupimia mbio. Anashika bajeti, mikataba ya makocha, barua za mawakili na simu za wazee waliosoma pale zamani, waliokasirishwa na matokeo ya Jumamosi. Bosi wake ni rais wa chuo, ambaye mara nyingi ni profesa asiyejua hata timu ilicheza na nani. Wapo makocha waliopanda hadi kiti hicho, lakini siku hizi utakuta wengi wametokea upande wa sheria, wa kuchangisha fedha, au ofisi ya kanuni, ile inayohakikisha timu zinafuata sheria za NCAA.

Najua tunakotoka. Tumekua na habari za Henry Rono, aliyekuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, na Suleiman Nyambui, aliyesoma El Paso kule Texas na kuipatia Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980. Mtu wa makaratasi haonekani kwenye picha zao. Sasa mimi nawashauri muwe huyo mtu wa makaratasi.

Ofisi ya kanuni haina rafiki. Kocha anaiona polisi, mwanariadha anaikwepa koridoni, na mshahara wa kuanzia unatosha kodi ya nyumba na nauli. Lakini kila timu lazima ipite hapo, kwa hiyo ndani ya muda mfupi unajua chuo kizima kinavyoendeshwa. Utajua kwamba msimu ukiwa umeanza mchezaji haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki za mazoezi na mashindano. Utajua kwamba akimaliza mwaka wa pili lazima awe amefikia asilimia 40 ya masomo ya shahada yake, wa tatu 60, wa nne 80, na utakuwa wewe unayemwambia kocha kwamba mkimbiaji wake bora hapandi ndege. Kumwambia hivyo mtu anayelipwa mara nyingi ya mshahara wako, kisha kesho yake akakusalimia vizuri: hicho ndicho kipaji kinachotafutwa kwa wakurugenzi. Hakifundishwi darasani.

Na hapo sisi tuna kitu ambacho wenzetu hawana. Mtoto wa Kenya anamaliza KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Novemba, wakati chuo cha Marekani kinafungua Agosti. Wa Tanzania anamaliza kidato cha sita Mei na matokeo yanatoka Julai, saa ambayo makocha wameshajaza timu. Kwa miaka mingi kanuni ya Daraja la Kwanza imempa mwanariadha wa riadha mwaka mmoja tu baada ya kumaliza sekondari. Mwaka huo ukipita, kushiriki mashindano rasmi kunaweza kumlia msimu wake wa chuo. Sasa mfikirie kijana aliyemaliza kidato cha nne, akakaa Iten, mji wa wakimbiaji kule Kenya, miaka miwili akikimbia mbio za barabarani kutafuta nauli. Ofisa Mmarekani anaona pengo kwenye fomu na kusubiri. Wewe unajua cha kuuliza, unajua cheti cha KNEC au NECTA, mabaraza ya mitihani ya Kenya na Tanzania, kinasomwaje, na unajua kupiga simu shuleni kwake ukaongea na mwalimu wa zamu mkaelewana. Kocha mwenye akili hatakusahau.

Sasa fedha, maana ndipo kazi ilipo. Katika vyuo vikubwa, mpira wa Kimarekani, na mpira wa kikapu wa wanaume kidogo, ndio unaoingiza; michezo mingine karibu yote inakula. Julai 2021 wachezaji waliruhusiwa kuuza majina na sura zao kwa matangazo. (Wenye F-1, viza ya mwanafunzi, wamebaki wamefungwa mikono, kwa sababu viza hairuhusu kazi ya namna hiyo wakiwa ndani ya Marekani. Mtaulizwa hili na kila Mkenya kwenye timu.) Kisha Juni 2025 mahakama ikapitisha makubaliano ya kesi ya House, ambamo wachezaji waliishtaki NCAA wakidai malipo, na chuo kikaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka huo wa kwanza. Fedha hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Zinakatwa mahali, na jicho la kwanza huenda kwa riadha na mbio za nyika.

Mkifika kwenye vikao hivyo, nendeni na hesabu, machozi yaacheni nje. Chuo kinachocheza mpira wa Kimarekani ngazi ya juu lazima kiwe na michezo isiyopungua 16. Mbio za nyika, riadha ya ndani na riadha ya nje huhesabiwa kuwa michezo mitatu, ingawa mara nyingi wanaokimbia ni wale wale na kocha ni yule yule. Ukiifuta timu hiyo ya wanawake unapoteza michezo mitatu kwa mpigo, na sheria ya Title IX ya mwaka 1972, inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu, inakusubiri mlangoni: ukiwa na timu ya mpira yenye wanaume 105, inabidi nafasi za wanawake zipatikane mahali. Ukifuta ya wanaume tu, usidhani umepona. Chuo cha Brown kilitangaza kuifuta Mei 2020 na mwezi uliofuata kikairudisha, baada ya kuulizwa kwa nini kinaondoa moja ya timu zenye weusi wengi zaidi. Chuo cha Clemson kilitangaza hivyo hivyo Novemba 2020, kikarudi nyuma Aprili 2021 mawakili walipoanza kuhesabu. Kwa maoni yangu, vyote viwili vilishindwa kwa sababu watu walisoma mstari wa matumizi bila kusoma mistari mingine.

Kuchangisha fedha sitakaa nako sana, kwa kuwa mnakujua. Aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi anaelewa kwamba ahadi si pesa, na kwamba mtu hudaiwa kwa upole lakini hudaiwa. Tofauti ni muda: mchangiaji wa Marekani unaweza kumsikiliza miaka mitatu akisimulia wajukuu zake kabla hujataja uwanja. Msikilizeni kweli, maana wanajua anayeigiza.

Kuhusu viza, wengi huchelewa kufikiri. Baada ya shahada, OPT, yaani kibali cha kufanya kazi kwa aliyesoma kwa viza ya F-1, inakupa miezi 12 ya kazi. Nyongeza ya miezi 24 ni ya fani za sayansi na teknolojia, na usimamizi wa michezo kwa kawaida haumo. Uchambuzi wa takwimu huwa umo, kwa hiyo chagueni shahada ya pili mkilijua hilo. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba vyuo vikuu havifungwi na ile bahati nasibu ya H-1B, viza ya kazi ya wenye shahada, ambayo makampuni yanaigombania. Chuo kinaweza kukuombea wakati wowote, kikitaka. Muulizeni wakili mapema, maana masharti ya uhamiaji hubadilika.

Mwisho, usaili. Kila chuo cha mchanganyiko chenye timu za michezo na kinachopokea fedha za serikali kuu kwa wanafunzi wake lazima kitoe taarifa ya EADA, inayoonyesha usawa wa wanaume na wanawake michezoni, na Wizara ya Elimu ya Marekani imeiweka wazi mtandaoni. Isomeni usiku wa kuamkia usaili: wanaume wangapi, wanawake wangapi, kila upande umetumia kiasi gani kusaka wachezaji wapya. Jopo likikuuliza kama una swali, uliza kuhusu tofauti hiyo, kisha angalia nani anajibu. Akijibu mtu wa fedha na mkurugenzi akamtazama yeye kwanza, umeshajua utakuwa unamwandikia nani maombi yako ya bajeti.