Kabla ya kushika sindano, soma karatasi ya uzi

Sweta la kwanza nililofuma kwa ajili ya kuuza lilikuwa na mkono mmoja wa bluu na mwingine wa bluu. Ndani ya nyumba hukuona tatizo lolote. Mteja akatoka nalo nje, akaliinua juani, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Dada, mkono huu uliufua peke yake?"

Sikuufua. Uzi ulikuwa umeniishia nikiwa nimebakiza mkono mmoja. Baada ya wiki tatu nikarudi dukani, nikachukua bonge jingine la kampuni ileile na jina la rangi lilelile. Kumbe kwenye ile karatasi inayozungushiwa bonge kuna namba mbili. Ya kwanza ni ya rangi yenyewe. Ya pili ni ya mkupuo, yaani uzi uliotiwa rangi pamoja kwa mara moja kule kiwandani. Ni kama mawese: michikichi ileile, mkamuaji yuleyule, lakini dumu la wiki hii halina wekundu wa dumu la wiki iliyopita. Namba ya pili isipolingana, usishangae mikono ikigombana.

Ndiyo maana akija mtu kuniomba nimfundishe kufuma, simpi sindano kwanza. Nampeleka dukani. Nunua uzi wa kazi nzima siku moja, wenye namba zote mbili zinazolingana, na uongeze bonge moja la akiba. Mjini kwetu hili lina uzito zaidi, maana Kigoma ndiyo mwisho wa reli ya kati, kilomita kama 1,250 kutoka Dar es Salaam. Rangi ikiisha kwenye maduka ya Mwanga, hapa mjini, unakaa unasubiri mzigo, na mzigo ukifika ni wa mkupuo mwingine. Duka ninalonunulia lina rafu moja tu ya nyuzi, imebanwa kati ya zipu na bitana. Mama mwenye duka hunikubalia nirudishe bonge ambalo halijafunguliwa, mradi karatasi yake iwepo. Muulize wa kwako kabla hujalipa, si baada.

Na utoke na uzi hadi barazani uutazame kwa mwanga wa mchana. Taa ya dukani imeniuzia kijani nikidhani ni kijivu.

Ukishakwama na mikupuo miwili, bado kuna namna. Usimalize bonge la zamani ndipo uanze jipya, maana mpaka wake utaonekana kama kiraka. Fuma mistari miwili kwa uzi wa zamani, miwili kwa mpya, ukibadilishana hivyo sentimita kadhaa, na jicho halitapata pa kushika. Ningejua hivyo wakati ule, lile sweta nisingelivalisha mpwa wangu, ambaye hakuniomba.

Sindano nazo zina mtego. Zile za zamani tulizorithi kwa bibi zetu huwa zina namba za Uingereza: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25, na kadiri namba inavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Marekani wanakwenda kinyume, na namba 8 yao ni milimita 5. Sasa wewe umepata maelezo kwenye simu, yamesema "namba 8", hayakusema ya nani. Amini milimita tu. Mimi nilijifunzia spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe, na sizidharau hata leo. Ila spoku ina unene wa kama milimita 2. Inafaa soksi za mtoto za uzi mwembamba. Ukiivisha uzi wa sweta unapata kitu kigumu kama zulia la mlangoni.

Karatasi hiyohiyo ya bonge hukuambia sindano inayofaa, na mara nyingi huwa na kimraba kidogo chenye hesabu ya vitanzi. Kwa uzi wa kawaida wa sweta na sindano ya milimita 4, ni vitanzi 22 na mistari 28 kwa kila sentimita 10. Watu wanakiruka kimraba hicho kama wanavyoruka maelezo ya dawa. Mimi huanzisha vitanzi 30, nafuma kipande cha mraba, nakiosha, kinakauka, ndipo nakipima katikati. Nikikuta vitanzi 24 badala ya 22, najua mkono wangu umebana, nahamia sindano nene kidogo. Tofauti ya vitanzi viwili unaiona ndogo? Sweta la vitanzi 110 lililotakiwa kuwa na mzunguko wa sentimita 50 litatoka na kama 46, na kifungo cha katikati hakitafunga.

Kuhusu aina ya uzi, swali langu kwa mteja ni moja: mtoto analala wapi? Mtoto wa Kibirizi si mtoto wa Manyovu. Huku chini ziwani joto halina adabu, na sweta zito ni kumpikia mtoto vipele. Kwa hao nafuma kwa pamba, kitu chepesi cha mikono mifupi. Mteja wa Kasulu au Manyovu, milimani kwenye baridi, ndiye namfumia akriliki nene na kofia inayofunika masikio. Sufu halisi ni adimu kwenye rafu zetu, na ukiipata mwambie mama mtoto asiiloweke kwenye maji ya moto wala kuifikicha, itajikunja na kuganda mpaka imtoshe mwanasesere.

Kuna mabonge yanauzwa bila karatasi, na muuzaji anakuapia ni sufu. Kata kipande kifupi, kishike kwa kibano, kiwashe ukiwa nje. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Pamba inanuka karatasi iliyoungua. Sufu inanuka kuku anayebabuliwa manyoya, na majivu yake yanasagika kwa vidole. Nyuzi zenye manyoya marefu ziache kabisa kwa watoto wachanga, kwa sababu manyoya yanaishia mdomoni. Utepe wa shingoni nao sifungi tena, hata mteja akisema ndiyo urembo. Shingo ya mtoto haichezewi. Naweka vifungo mbele, navishona kwa uzi imara na kuvivuta kwa nguvu zangu zote kabla ya kuvikabidhi.

Halafu pasi. Siku ya kukabidhi shali ya akriliki nilitaka ing'ae, nikaipitishia pasi ya mkaa, juu yake nikiwa nimetandika kanga. Dakika moja tu. Shali ikalegea kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, na ule mnyumbuko wake haukurudi tena, hata nilipoifua. Siku hizi naitandika juu ya taulo ikiwa mbichi, nainyoosha kwa mikono, naiacha kivulini.

Wa kroshia mtaniwia radhi, nimewasahau. Karibu yote haya yanawahusu, ila ninyi ongezeni mabonge, kwani kroshia inakula uzi kuliko sindano mbili.

Jambo moja zaidi, la kujua kama uzi utafika. Kwa ufumaji wa kawaida, mstari mmoja hula uzi wenye urefu wa kama mara tatu ya upana wa kazi yako, na kufunga vitanzi mwishoni hula kama mara nne. Basi tandaza uzi uliobaki juu ya kazi, uhesabu. Mikono ndiyo yenye hila zaidi. Nikimaliza mkono wa kwanza naupeleka pamoja na mabaki ya uzi kwa jirani yangu muuza dagaa, ana mizani ndogo ya betri. Kama mkono umekula gramu 38 na zimebaki 45, naendelea kwa amani. Uzi hurudi na harufu kidogo, lakini sweta litafuliwa.

Juzi nilikwenda kuchukua uzi wa kijivu kwa sweta la mtoto wa Kasulu. Nilitaka mabonge matatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kijivu nimebaki na mabonge matatu, lakini moja lina namba nyingine. Nikupe hivyohivyo?"

Alikuwa ameshazigeuza karatasi zote tatu juu ya meza, anaonyesha kwa kidole. Nikachukua mawili yanayolingana na bonge moja jeupe. Mtoto atavaa sweta la mistari.